Mchungaji na Mashahidi Wake

Miongoni mwa mambo yaliyowashughulisha Wakristo tangu zama za mitume, hata kabla hawajapata majengo ya kusalia, ni swali hili: mtu wa namna gani astahili kukabidhiwa roho za wenzake? Swali hilo si la wanazuoni peke yao, kwa maana kila usharika unaokaa kuchagua wazee wake, na kila dayosisi inayopiga kura ya askofu, na kila jimbo linalomleta kijana mbele ya madhabahu awekewe mikono, hulijibu kwa vitendo, lipende lisipende. Na jibu likiwa baya, ubaya wake aghalabu hauonekani kwa siku moja, bali hukaa miaka mingi ukila imani ya watu kidogo kidogo, mpaka watoto wa wale waliochagua wakue wakidhani kwamba dini ni biashara ya wajanja.

Jibu la kale tulilo nalo limo katika nyaraka mbili za Agano Jipya, ule wa kwanza kwa Timotheo, aliyekuwa Efeso, na ule wa Tito, aliyeachwa kisiwani Krete aweke wazee katika kila mji. Efeso haukuwa mji wa watawa. Ulikuwa bandari kubwa ya Asia Ndogo na makao ya hekalu la Artemi, ambako mafundi wa fedha walipata riziki yao kwa kuuza vihekalu vidogo, na ambako, kwa habari ya Matendo ya Mitume, mmoja wao aliyeitwa Demetrio aliutia mji mzima fujo kwa kuwa mahubiri ya Paulo yalitishia kuharibu chumo lake. Mtu angetazamia kwamba katika mji wa namna hiyo Kanisa lingetaka majemadari: wenye ufasaha wa kuwashinda wanafalsafa barazani, wenye maono, wenye miujiza, wenye jaha mbele ya wakubwa wa serikali. Wallakini yaliyotajwa ni mambo ya kawaida mno, hata msomaji mwenye haraka huyapita bila kustaajabu. Kiongozi awe mtu asiye na la kulaumiwa, mwenye mke mmoja, mwenye kiasi, busara na utaratibu, mkarimu kwa wageni, ajue kufundisha, asiwe mlevi, wala mpigaji, wala mgomvi, wala mpenda fedha, awe ameisimamia vema nyumba yake, asiwe mtu aliyeingia katika imani jana, na ashuhudiwe mema na watu wasio wa Kanisa.

Katika sifa zote hizo, moja tu ndiyo ustadi, nayo ni kujua kufundisha; zilizosalia zote ni tabia. Tena ukizitazama kwa makini utaona kwamba hakuna hata moja, ila hiyo ya kufundisha, iwezayo kupimwa mtu akiwa amesimama mimbarini. Ukarimu huonekana mlangoni kwa mtu, ulevi huonekana usiku, mapenzi ya fedha huonekana katika hesabu, na ugomvi huonekana pale mtu anapopingwa na aliye mdogo kuliko yeye. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, orodha hiyo yatufundisha jambo lililo kubwa kuliko jumla ya sifa zake: ya kuwa Kanisa likitaka kumjua mtu lisimwulize mwenyewe, wala lisitosheke na wanaomsikiliza Jumapili, bali liwaulize mashahidi wanaomwona siku nyingine sita, yaani nyumba yake, mfuko wake, walio chini ya mamlaka yake, na jirani zake wasiosali naye.

Shahidi wa kwanza ni nyumba. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, wakimaanisha kwamba uzuri wa nje si dalili ya yaliyomo ndani. Na Kanisa la mwanzo lilifikiri vivyo hivyo lilipouliza kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake mwenyewe atawezaje kuitunza jamaa ya Mungu. Mfano wa kuogofya wa jambo hili ni Eli, kuhani wa Shilo, mzee mwenye kicho na mwenye maneno ya upole, ambaye wanawe Hofni na Finehasi waliwanyang'anya watu nyama ya dhabihu kwa nguvu na kuwaharibu wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya ibada. Eli alijua, akawakemea, kisha akawaacha waendelee katika kazi ile ile. Hukumu iliyomshukia haikuwa kwa sababu wanawe walikuwa waovu, kwa kuwa mtoto ana hiari yake na baba hawezi kuwa dhamini wa moyo wa mwanawe. Ilikuwa kwa sababu mwenye mamlaka ya kuwaondoa kazini hakuwaondoa, akaiweka jamaa yake mbele ya ibada ya taifa zima. Wako basi waliolipotosha fundisho hili, wakadhani kuisimamia nyumba ni kuitia hofu, mke asinene na watoto watetemeke wasikiapo kikohozi cha baba ukumbini. Nyumba ya namna hiyo ina ukimya, lakini ukimya si ushuhuda mwema. Na mtu anayetii kwa woga ndiye wa kwanza kusema kweli siku woga unapomtoka. Wala wasidhani mapadre na watawa, kwa kuwa hawakuoa, kwamba shahidi huyu hawahusu: mpishi wa nyumba ya mapadre, mlinzi wa lango na katekista aliyetumwa usiku katika mvua, hao ndio jamaa yao, na hao wanajua.

Katika nyumba hiyo hiyo hupimwa pia ukarimu. Zama zile makutano ya Wakristo yalifanyika majumbani, na wahubiri waliosafiri toka mji hata mji hawakuwa na pa kulala ila kwa ndugu, kwa hiyo mlango uliofungwa ulikuwa Injili iliyozuiwa. Waraka wa tatu wa Yohana, ulio mfupi kiasi cha kuenea katika ukurasa mmoja, wawaweka watu wawili mkabala: Gayo, aliyewapokea wasafiri ijapokuwa walikuwa wageni kwake, na Diotrefe, mpenda kuwa wa kwanza, aliyekataa kuwapokea na kuwafukuza katika kanisa wale waliotaka kuwapokea. Hatuambiwi kwamba Diotrefe alifundisha uzushi, wala kwamba alizini, wala kwamba aliiba. Kosa lake ni kupenda ukubwa, na dalili ya kupenda ukubwa kwake ilikuwa kufunga mlango.

Shahidi wa pili ni mfuko, na hapa ndipo wengi walipojikwaa, tangu Yuda aliyeshika mfuko wa wanafunzi mpaka siku zetu hizi za matangazo ya matoleo yasiyo na mwisho. Paulo, ambaye angeweza kudai riziki yake kwa haki, alishona mahema kwa mikono yake ili asiwalemee watu. Na alipowaaga wazee wa Efeso kule Mileto, hali akijua kwamba hawatauona uso wake tena, mojawapo ya mambo aliyoyataja ili wamkumbuke kwalo ni kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu. Tena alipochanga msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutaka kuubeba peke yake. Alisafiri pamoja na watu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, akaeleza sababu bila haya, kwamba ataka mambo yawe mema machoni pa Bwana na machoni pa wanadamu pia. Mtume aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Injili hakuona unyonge kuhesabiwa fedha mbele ya mashahidi. Seuze mchungaji wa leo, anayekasirika mtunza hazina anapoomba risiti?

Historia ya Kanisa la Afrika imetuhifadhia habari moja katika mlango huu ambayo yastahili kusomwa na kila halmashauri ya fedha. Augustino, askofu wa Hippo, mji wa pwani ya kaskazini ambao leo waitwa Annaba katika nchi ya Algeria, aliishi na makasisi wake katika nyumba moja kwa sharti kwamba asiwepo mwenye mali ya peke yake. Mnamo mwaka 425 alikufa mmoja wao, jina lake Januarius, ikadhihirika kwamba alikuwa ameweka fedha akisema ni za binti yake, kisha akaandika wasia wa kulirithisha Kanisa na kuwanyima watoto wake wawili. Kanisa lingeweza kunyamaza na kupokea, kwa kuwa maskini hawakukosekana. Lakini Augustino aliukataa urithi ule mbele ya watu wote, kwa sababu ulizaliwa na udanganyifu na uliwadhulumu watoto. Hakuishia hapo. Aliahidi kuchunguza hali ya makasisi na mashemasi wake mmoja mmoja, na mwanzoni mwa mwaka 426 akasimama kanisani akatoa habari za kila mmoja wao, nani ana nini, ameuza nini, na bado amebakiwa na nini. Yeye mwenyewe alipofariki mwaka 430, hali mji umezingirwa na jeshi la Wavandali, hakuacha wasia, kwa kuwa hakuwa na cha kuusia. Amana ya watu haihitaji siri. Na kiongozi anayesema kwamba hesabu ni jambo kati yake na Mungu amekwisha kujishuhudia mwenyewe.

Shahidi wa tatu ni walio chini ya mamlaka. Cheo ni dhamana, ndivyo tusemavyo kila siku, na ndivyo tusahauvyo kila siku. Kwa maana mtu hupewa kiti ili awatumikie wenzake, na baada ya mwaka mmoja huanza kudhani kwamba wenzake waliumbwa kwa ajili ya kiti. Waraka wa kwanza wa Petro wawakataza wazee wasijifanye mabwana juu ya wale waliokabidhiwa, na ule wa Timotheo wataka mtu mpole, asiye mpigaji. Upole huo mara nyingi hufasiriwa vibaya, ukachukuliwa kuwa ni udhaifu wa mtu asiyethubutu kumwambia tajiri wa usharika kwamba amekosa. Mwaka 390 askari wa Kaisari Theodosius waliua maelfu ya watu katika mji wa Thesalonike, kulipiza kisasi cha jemadari aliyeuawa huko. Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia Kaisari kwa mkono wake mwenyewe barua ya siri, ili maneno yale yasomwe na macho ya mkosaji peke yake, akimtaka atubu na kumwarifu kwamba hataweza kuadhimisha sadaka takatifu mbele yake kabla hajatubu. Na Theodosius akatubu. Itazame staha iliyomo katika tendo lile: hakumfedhehesha, hakujifaharisha, wala hakurudi nyuma hata hatua moja.

Na karibu nasi zaidi, mwezi wa Februari 1977, Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, pamoja na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kulalamikia mauaji na dhuluma katika nchi. Siku chache baadaye alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Ukiwaweka Ambrosi na Luwum pamoja utaona kipimo cha upole wa mchungaji: sauti yake ni laini kwa mnyonge, na haibadiliki kuwa laini zaidi anapokutana na mwenye nguvu. Kiongozi anayemfokea mwimbaji wa kwaya na kumsujudia mkuu wa wilaya hana upole, ana hesabu.

Shahidi wa nne ndiye anayesahauliwa kuliko wote, nao ni watu walio nje. Ni ajabu kubwa kwamba Kanisa changa, lililoteswa na kusingiziwa, liliweka katika masharti ya uongozi ushuhuda wa watu wasioamini; lakini hekima yake ni dhahiri kwetu sisi wa mwambao, ambako Mkristo na Mwislamu wamepakana ukuta kwa ukuta Unguja, Mombasa, Tanga na Bagamoyo, wakazikana, wakaozana, na wakanunuliana dukani. Mwenye duka hajui kama padre amesoma falsafa, ila anajua kama hulipa deni lake. Jirani hajasikia mahubiri ya mchungaji hata mara moja, ila amesikia anavyosema na mtumishi wake asubuhi. Fundi aliyejenga ukuta wa kanisa anakumbuka kama ujira wake ulipunguzwa baada ya kazi kwisha. Watu hawa hawana sababu ya kumpamba mtu, wala hawamwogopi, wala hawatazamii baraka zake. Ushuhuda wao ni mzito kwa sababu hiyo hiyo. Yapo madhehebu yanayojivunia kuchukiwa na walimwengu, yakidhani kila lawama ni mateso kwa ajili ya haki. Lakini mtu alaumiwaye kwa ulaghai hateswi kwa ajili ya Kristo, na kujifunika kwa jina hilo ni kuongeza dhambi juu ya dhambi.

Hapa wengine watatoa hoja, nayo ni nzito: Mungu amewatumia watu wenye kasoro nyingi, Daudi aliyezini na kuua, Petro aliyemkana Bwana wake mbele ya kijakazi; basi sisi ni nani tumkatae mtu kwa sababu ya tabia? Na wengine, kwa upande wa pili, husema kwamba kiongozi akiisha kuanguka, kazi yake yote ni batili. Mabishano haya ya pili yaliwahi kulipasua Kanisa la Afrika ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka mia. Katika mateso yaliyoanza mwaka 303 wako makasisi waliosalimisha vitabu vitakatifu kwa watawala, na wafuasi wa Donatus wakashika kwamba sakramenti za watu hao na za wale waliowekewa mikono nao si kitu. Augustino aliwajibu kwamba ubatizo ni wa Kristo na si wa mtu abatizaye, kwa hiyo muumini hapotezi neema kwa ajili ya dhambi ya padre wake. Jibu hilo ni faraja kwa waumini, wala halikutolewa liwe kinga ya makasisi. Na dalili yake ni kwamba Augustino huyo huyo, aliyewatetea waumini hivyo, ndiye aliyewachunguza makasisi wake mbele ya watu katika mambo ya Januarius.

Kwa hoja ya kwanza jibu ni kwamba msamaha na madaraka ni vitu viwili mbalimbali. Msamaha hutolewa kwa yeyote atubuye, saa ile ile. Madaraka hutolewa kwa aliyethibitika, na kuthibitika kwataka muda. Daudi alisamehewa, lakini upanga haukuondoka nyumbani mwake. Petro hakurudishiwa kundi kabla ya kuulizwa mara tatu kama ampenda Bwana, mbele ya wenzake, wala hakujitetea. Jambo hili ndugu wa Uamsho, uliowaka tangu miaka ya 1930 kutoka Gahini katika Rwanda na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walilifahamu sana: walipozungumza juu ya kutembea nuruni walitaka dhambi itajwe kwa jina lake mbele ya ndugu, na kasisi hakuachwa nje ya sharti hilo kwa sababu ya kola yake. Huenda walipita kiasi mahali pengine, lakini waliona kweli ambayo vyeo huificha, ya kwamba kiongozi asiyeweza kusema nimekosa ni hatari kuliko aliyekosa.

Sharti la kwamba asiwe mtu aliyeongoka karibuni lina maana hiyo pia, kwa kuwa hatari inayotajwa ni kiburi. Kweli Ambrosi mwenyewe alichaguliwa mwaka 374 hali hajabatizwa, akabatizwa na kuwekwa askofu katika muda wa siku chache. Lakini yeye alijaribu kila hila kukikwepa kiti kile, na watu wa Milano walikuwa wamekwisha kumjua kwa uadilifu wake alipokuwa liwali wao. Gregori wa Nazianzo, baada ya kuwekewa mikono na babake, alikimbia, kisha akarudi na kuandika risala ndefu ya kueleza kwa nini alikimbia. Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa mwaka 590, alikiandika kitabu chake cha uchungaji akianza na wale wasiostahili kuthubutu. Hawakudharau uongozi, maana maandiko yanakiri kwamba autamaniye atamani kazi njema. Waliogopa kwa sababu waliijua kazi, na mwenye kuijua kazi hakimbilii kofia. Leo twaona kinyume chake: kijana ambaye hajatimiza miaka mitatu katika imani ajiita mtume, abandika picha yake barabarani, na kusanyiko hujaa kwa sababu ulimi wake ni mwepesi. Ulimi ni kipaji, na kipaji huja kwa siku moja. Tabia haiji hivyo.

Lawama hii, hata hivyo, si ya wachungaji peke yao. Mitume walipotaka wale saba wa kuhudumu mezani, hawakuwateua wenyewe. Waliwaambia wanafunzi wachague miongoni mwao watu walioshuhudiwa wema, kwa kuwa wanafunzi ndio waliowajua. Desturi hiyo haijafa kabisa. Katika ibada ya Kianglikana ya kuweka mikono askofu huwauliza watu kama yupo ajuaye kizuizi, na katika ibada ya Kikatoliki huulizwa kama mtu huyu ameonekana kustahili, na hujibiwa kwamba watu wameulizwa. Maswali yangalipo vitabuni, na majibu hutolewa kwa sauti nzuri. Lakini ni mara ngapi mpishi ameulizwa, au mwenye duka, au mtunza hazina, au mke? Timotheo alionywa asiwawekee watu mikono kwa haraka, na sisi tumeifanya haraka kuwa kanuni, kwa kuwa viti vi wazi, na sherehe imekwisha kutangazwa, na wageni wa heshima wamekwisha kualikwa.

Basi enyi mnaokaa katika halmashauri, kabla hamjapiga kura yenu ijayo, ahirisheni kidogo kuyasikiliza mahubiri ya mteule wenu, mwende mtaani kwake mkaulize. Mwulizeni jirani asiyesali naye, na fundi aliyemfanyia kazi, na aliyewahi kumpinga katika kikao. Zitazameni hesabu alizowahi kushika. Kaeni na jamaa yake hali yeye hayupo. Wakimshuhudia mema, mwekeeni mikono bila hofu hata kama hana ufasaha, maana ufasaha utafundishika. Wasipomshuhudia, mwacheni akae muumini kama wengine, na kufanya hivyo ni kumhurumia yeye kabla ya kuwahurumia wale ambao angewaongoza.